Ndugu wa Uamsho: Mchungaji na Msharika Benchi Moja

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililochipuka ndani ya Kanisa la Anglikana huko Rwanda na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika muda wa kizazi kimoja lilikuwa limeenea Kenya, Tanganyika, Burundi, mashariki ya Kongo na kusini mwa Sudan, likavuka mipaka ya Waanglikana na kuingia kwa Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti. Halikuzaa dhehebu jipya. Halikuwa na makao makuu, wala katiba, wala mtumishi wa kulipwa. Waliookoka walibaki katika makanisa yao, wakabatizia watoto wao humo na kuzikwa na wachungaji wao wa siku zote.

Wanaousimulia Uamsho aghalabu hutaja nyimbo, machozi na watu kuungama dhambi hadharani. Hayo yote yalikuwepo. Lakini kilichobadilisha maisha ya kanisa hasa ni kikao kidogo cha ushirika, ambamo mchungaji aliketi kama ndugu miongoni mwa ndugu, akaungama kama wao na kuonywa kama wao. Kwa kanisa lililokuwa limezoea kumwona mtumishi wa Mungu juu ya mimbari tu, hayo yalikuwa mapinduzi.

Kanisa la Uganda la miaka ya 1920 lilikuwa na kila sababu ya kujivunia. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na mashahidi wa imani, Waanglikana kwa Wakatoliki, waliuawa katika utawala wa Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887. Miaka 40 baadaye Ukristo ulikuwa dini ya wakubwa. Machifu walibatizwa, watoto wa shule walibatizwa, na jina la Kikristo lilimfungulia mtu mlango wa kazi ya ukarani. Makanisa yalijaa Jumapili. Papo hapo waumini wengi walikuwa na wake wa pembeni, pombe ilinywewa kupita kiasi, na mganga wa kienyeji aliendewa usiku na watu walewale waliopokea Meza ya Bwana asubuhi. Viongozi waliyajua hayo, na wengi waliyanyamazia.

Gahini ni kilima kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Hapo Misheni ya Ruanda, tawi la CMS lililoanzishwa na madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, ilifungua hospitali. Daktari kijana kutoka Cambridge, Joe Church, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920 na kukuta njaa kali. Watu walikuwa wakifa njiani, na hospitali haikuwa na uwezo wa kuwapokea wote. Mwezi Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, akiwa amechoka mwili na roho.

Huko, juu ya kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu la Anglikana, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda msomi aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile: alikuwa Mkristo, alikuwa na kazi na heshima, na alijiona mtupu. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja, wakifuatilia kila lililoandikwa kuhusu Roho Mtakatifu. Ikumbukwe kwamba Uganda ya wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na nafasi ya Mzungu kuketi na Mwafrika wakisaidiana kama wanafunzi wawili, kila mmoja akikiri upungufu wake, ilikuwa adimu mno. Nsibambi hatimaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Church alirudi Gahini.

Mambo ya Gahini hayakunyooka mara moja. Hospitali ilikuwa na manung'uniko kati ya wafanyakazi na daktari wao, na kiongozi wa wafanyakazi hao, Yosiya Kinuka, alikuwa mmoja wa wasioridhika. Alipokwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, aliulizwa kwa nini kazi ya Gahini inayumba. Kinuka akaeleza makosa ya wengine. Nsibambi akamwambia kwamba tatizo limo ndani ya moyo wake yeye mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Katika safari ndefu ya kurudi alisalimu amri mbele za Mungu, na alipofika Gahini alianza na yaliyokuwa mikononi mwake: kazi aliyokuwa akiizembea na watu aliowakosea. Wenzake waliliona badiliko hilo kabla hajalihubiri. Baadaye Kinuka alipata daraja la ukasisi, naye akawa miongoni mwa viongozi wa Uamsho waliosafiri mbali zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1933 ulifanyika mkutano wa Biblia Gahini. Siku zilizopangwa zilipokwisha bila jambo la ajabu, watu walibaki wakiomba; mmoja akasimama kuungama dhambi zake, kisha mwingine, na mwingine, hata ikawa vigumu kupata nafasi ya kusema. Kuanzia hapo vikundi vya wahubiri wa kujitolea vilianza kutoka Gahini kwenda Kigezi, Ankole, Burundi na kwingineko. Mkutano wa Kabale mwaka 1935 uliuwasha moto huo upande wa Uganda.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, ndiye aliyelipeleka jambo hili kwa wakuu wa kanisa. Alikuwa akiongoza shule ya wainjilisti Gahini na alikuwa amepewa ushemasi. Mwezi Januari 1936 alikwenda Kampala kwa ajili ya sinodi akiwa na hoja tatu: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanaachiwa kuikaribia Meza ya Bwana, na kifanyike nini ili kanisa lihuishwe. Hakuwahi kuzitoa mwenyewe. Alishikwa na homa ya papasi akafariki tarehe 25 Januari, akiwa bado kijana. Neno lake kuu, "Zukuka", yaani amka, lilibaki midomoni mwa watu, na hoja zake zilifika kwenye sinodi bila yeye. Mwaka uliofuata, kanisa lilipoadhimisha miaka 60 tangu kufika kwa CMS, Askofu Cyril Stuart aliitisha mahubiri ya uamsho dayosisi nzima.

Kikao cha ushirika, ambacho ndicho kilichoushikilia Uamsho mikutano mikubwa ilipokwisha, kilikuwa na utaratibu mwepesi. Ndugu hukutana mara moja kwa wiki au zaidi, kanisani, nyumbani kwa mtu, au chini ya mti. Hakuna mwenye kiti cha heshima. Wimbo huanzishwa, sala fupi hufuata, kisha husomwa kifungu cha Biblia. Baada ya hapo anasimama mmoja na kusalimu, "Bwana Yesu asifiwe", na wote huitikia. Anaeleza jinsi alivyotembea na Bwana tangu kikao kilichopita: alimjibu mke wake kwa ukali, alipunja hesabu ya kahawa, alimwonea wivu mwenzake aliyepandishwa cheo. Anaitaja dhambi kwa jina, anasema amekwenda msalabani nayo, na kama alimkosea mtu, anasema ameshamwendea. Ndugu hupokea ushuhuda huo kwa wimbo wa Kiganda wa "Tukutendereza Yesu", ambao umekuwa alama ya Uamsho kutoka Kigezi hadi milima ya Usambara, hata kwa watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Ushuhuda unaogeuka kuwa majigambo, au anayetaka kuhubiri muda mrefu, hukatizwa kwa upole kwa kuanzishiwa wimbo.

Desturi hii ya kuungama ndugu huiita kutembea nuruni, kwa kufuata sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Msingi wake ni kwamba dhambi iliyofichwa hutenga watu, na iliyowekwa wazi chini ya damu ya Yesu huwaunganisha. Hivyo kuungama hakukuwa tendo la siku ya kuokoka peke yake. Aliyeokoka miaka 30 iliyopita alitarajiwa kuwa na ushuhuda wa wiki hii. Mwenye kusimulia kila mara jinsi alivyookoka zamani, bila neno la leo, ndugu walianza kumwombea wakiona kwamba amepoa.

Kuungama kulikwenda sambamba na kurudisha. Katika miaka ya mwanzo watumishi wa serikali, walimu na wauguzi walirudisha fedha, shuka, dawa na vifaa walivyoiba, na maofisa wa kikoloni walipigwa na butwaa kuona mtu anakuja kujishtaki kwa wizi ambao hakuna aliyeugundua. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940, alisimulia kwamba baada ya kuokoka moyo ulimsumbua kwa ajili ya Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Alipanda baiskeli akaendesha maili 50 kwenda kumwambia: nilikuchukia, nisamehe. Kwa Mwafrika wa wakati wa ukoloni, kukiri chuki mbele ya mtawala wake kungeweza kuonekana kama kujidhalilisha. Kivengere alieleza kwamba alitoka pale akiwa huru, na tangu siku hiyo Mzungu yule alikuwa ndugu yake.

Katika kikao cha ushirika ndipo nafasi ya mchungaji ilipobadilika. Kanisa la misheni lilikuwa limejenga ngazi: mmisionari juu, kasisi Mwafrika chini yake, kisha mwinjilisti, mzee wa kanisa na msharika. Uamsho haukuibomoa ngazi hiyo kwa maandamano. Ulimwomba mchungaji ashuke kwa hiari yake mara moja kwa juma. Mchungaji aliyeketi na karani, mpishi na mama muuza ndizi, akaungama kwamba amehubiri akiwa na kinyongo, alirudi mimbarini Jumapili akiwa mtu mwingine. Washarika walimjua, naye alijua wanamjua. Kwa upande wa pili, msharika asiyesoma alikuwa na haki ya kumwendea mchungaji wake faraghani na kumwonya kwa upendo. Haki hiyo haikuandikwa popote, lakini wachungaji waliookoka waliiogopa na kuithamini kuliko ukaguzi wa askofu.

Wapo waliouona mwenendo huu kuwa uasi. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba, na kuhubiri waziwazi dhidi ya wizi, uzinzi na mafundisho waliyoyaona kuwa yanapunguza uzito wa msalaba. Mkuu wa chuo aliwapiga marufuku. Wao wakakataa kutii. Wanafunzi 26 wakafukuzwa. Mmoja wao, William Nagenda, hakupata kamwe daraja la ukasisi. Akawa mhubiri mashuhuri wa Uamsho akiwa mlei, akaalikwa Ulaya, India na kwingineko. Waliofukuzwa wangeweza kuanzisha kanisa lao, na watu wa kuwafuata walikuwepo. Kubaki kwao ndani ya kanisa lililowafukuza ni jambo la kuheshimiwa sana katika historia nzima ya Ukristo wa Afrika, bara ambamo mgogoro mdogo kuliko huo umezaa madhehebu mengi.

Kanisa nalo liliwapokea watu wa Uamsho hatimaye. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu wasaidizi Waafrika, wakiwemo Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika. Uamsho ulikuwa umeacha alama katika utumishi wao.

Kwa Walutheri wa Bukoba, jina linalosimama mbele ni la Josiah Kibira. Alizaliwa mwaka 1925, akaguswa na Uamsho mwaka 1947, akasoma theolojia Bethel huko Ujerumani, na mwaka 1964 akawa askofu akipokea kiti kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler. Mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alihudumu hadi mwaka 1984.

Kibira hakuridhika kuishi ndani ya Uamsho tu; aliutafakari. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1974 alichunguza kanisa, ukoo na ulimwengu katika mazingira ya Wahaya wa Bukoba. Ukoo kwa Mhaya ndio uliokuwa kinga yake: ulimpa shamba la migomba, ulimtafutia mchumba, ulisimamia msiba wake na kumdai utii. Mtu aliyebatizwa na kuagizwa aachane na mila za ukoo alikuwa anaombwa atoke ndani ya nyumba yenye joto. Swali la kichungaji lilikuwa zito: kanisa limemwandalia nyumba gani? Ibada ya Jumapili ya saa mbili haitoshi kuwa jibu. Ndugu wa Uamsho walikuwa jibu kwa matendo, kwa sababu walilima pamoja, walisaidiana ada za shule, walisimama kama wazazi kwenye harusi za vijana wao na kulala matangani kwa ndugu asiye wa ukoo wao. Mhaya aliyesafiri hadi Kabale au Nairobi alipata pa kulala kwa salamu tu. Hapa Uamsho ulifika mahali ambapo mafundisho ya kipaimara peke yake hayajawahi kufika.

Nyumbani, badiliko lilionekana mezani. Katika Buganda na majirani zake mwanamke hakula kuku wala mayai. Waliookoka waliketi meza moja, mume na mke na watoto, wakala chakula kimoja. Wamisionari waliookoka nao walikula na kulala katika nyumba za ndugu zao Waafrika, jambo lililowakera walowezi. Mume kumwomba mkewe radhi mbele ya watu kulikuwa kitu kigeni kabisa, na kina mama wengi waliamini habari za wokovu kwa sababu hiyo kabla ya kusikia mahubiri yoyote.

Uamsho ulikuwa na udhaifu, na ndugu waaminifu hawajauficha. Kuungama hadharani kuliweza kumjeruhi asiyekuwepo. Mtu aliyetaja uzinzi wake alimvua nguo na mwenzake, na ikabidi wazee wafundishe kwamba mengine huungamwa kwa wawili au watatu. Pengine kupondeka moyo kwa kweli kulifuatwa na sheria juu ya nguo, nywele na mapambo. Kulikuwa na kiburi cha kuwahukumu Wakristo wengine kuwa hawajaokoka. Magharibi mwa Kenya, mvutano kati ya watu wa Uamsho, walioitwa Joremo, na wenzao waliosisitiza upendo, Johera, ulichangia kuzaliwa kwa Church of Christ in Africa chini ya Matthew Ajuoga mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda nako kundi la Bazukufu chini ya Yona Mondo lilijitenga na ndugu wengine likidai masharti makali zaidi, miongoni mwayo kutokuwa na madeni.

Jaribu zito zaidi lilikuwa la damu. Wakati wa Mau Mau, kuanzia mwaka 1952, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia bunduki ya serikali. Kwa wapiganaji walikuwa wasaliti na kwa wakoloni walikuwa watu wasioaminika, na baadhi waliuawa. Rwanda, mnamo Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao, alichukuliwa na askari akauawa. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Festo Kivengere, ambaye sasa alikuwa Askofu wa Kigezi, alitoroka na mkewe Mera usiku, kwa miguu, kuvuka milima hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu alichokiita "Nampenda Idi Amin", kichwa kilichowashtua wengi waliofiwa na ndugu zao. Alimaanisha alichoandika: chuki ingemfunga yeye kabla ya kumgusa Amin.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika nchi ileile ya Gahini, watu wanaokadiriwa kufika 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa siku 100, baadhi ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao na kufa pamoja nao. Wapo viongozi wa makanisa walionyamaza, na wengine waliotuhumiwa kushiriki. Swali la namna jambo hilo lilivyowezekana pale ulipozaliwa Uamsho haliepukiki. Sehemu ya jibu iko katika mafundisho yenyewe: ndugu walijifunza kutaja wizi, hasira na uzinzi kwa majina, lakini dhambi ya ukabila uliojengwa katika vitambulisho, shule na serikali waliiona kuwa siasa, na siasa waliiacha mlangoni. Sehemu nyingine ni wakati. Kufikia mwaka 1994 kizazi cha Kinuka kilikuwa kimepita, na wengi walikuwa wamerithi nyimbo na salamu bila kikao cha kuwekana wazi.

Ushirika bado unakutana katika Kigezi, Bukoba, Ugogo na Kenya ya kati, ingawa mvi ni nyingi kuliko zamani. Tangu miaka ya 1980 vijana wengi wamevutwa na makanisa ya Kipentekoste, ambako kuokoka kunahubiriwa kwa bidii ileile, lakini mara nyingi mhubiri husimama jukwaani na kipaza sauti, akizungukwa na wasaidizi, na msharika hukutana naye kwa miadi. Katika makanisa ya kihistoria nako, mchungaji mwenye mitaa mitano na vikao vya kamati kila juma hana jioni ya kuketi kwenye ushirika. Palipo na wachungaji wanaoitenga jioni hiyo, utaratibu ni uleule wa Gahini: hawavai kola, hawahubiri, na zamu yao ya kushuhudia ikifika husimama, husalimu, na kueleza walivyotembea wiki hiyo.